Frederiks: Aliyegundua siri ya kioo cha simu, akaishia kambi za Stalin

Kama umewahi kuangusha simu yenye kioo cha LCD, ukaona doa jeusi linatambaa pole pole kama wino uliomwagika, basi umeshakutana na kitu tutakachokizungumzia hapa. Watu husema kioo kimevuja. Na kweli kimevuja. Katikati ya vioo viwili vyembamba mle ndani kuna kimiminika, na hicho kimiminika ndicho kinachoamua wapi mwanga upite na wapi usipite. Ukikipa umeme kidogo, molekuli zake zinageuka. Ukiondoa umeme, zinarudi zilivyokuwa.

Mtu aliyepima kwa makini namna molekuli hizo zinavyogeuka, na nguvu kiasi gani inahitajika, alikuwa Mrusi mmoja wa Leningrad. Jina lake Vsevolod Konstantinovich Frederiks. Matokeo yake ya kwanza yalichapishwa mwaka 1927. Mwaka 1936 polisi wa siri walimkamata, na hakurudi tena kwenye maabara yake. Anafariki Januari 1944, hakukuwa na saa, kikokotoo wala televisheni hata moja duniani iliyotumia kile alichogundua.

Leo kila mwanafunzi wa fizikia anayesoma mambo ya vioo vya LCD anakutana na jina lake kwenye kurasa za mwanzo. Wachache sana wanajua yaliyompata.

Mtoto wa ukoo wa kibaroni

Frederiks alizaliwa Warsaw tarehe 29 Aprili 1885, wakati ule mji huo ukiwa chini ya Mfalme wa Urusi. Alitoka ukoo wa kibaroni. Cheo hicho kilikuwa na heshima siku anazaliwa, lakini miaka 30 na ushee baadaye, chini ya Wabolsheviki, kilikuwa kitu cha kumtia mtu matatani.

Alisoma fizikia Geneva, Uswisi, kwa Profesa Charles-Eugène Guye. Mwaka 1910 akahamia Göttingen, Ujerumani. Kwa mtu wa hesabu na fizikia, Göttingen ya wakati ule ilikuwa ndiyo kwenyewe. Pale alifanya kazi na Woldemar Voigt, bingwa wa fizikia ya fuwele, yaani vitu kama chumvi na almasi ambavyo chembe zake zimejipanga kwa mpangilio maalumu. Kumbuka hilo la fuwele, litarudi.

Halafu vita ikaja. Agosti 1914 Ujerumani na Urusi zikaanza kupigana, na Frederiks akajikuta raia wa nchi adui akiwa katikati ya Ujerumani. Hakuruhusiwa kuondoka. Lakini mwanahesabu mkubwa wa Göttingen, David Hilbert, alimchukua awe msaidizi wake. Yaani mfungwa wa kivita wa kiraia akawa anafanya kazi na mmoja wa wanahesabu wakubwa kuliko wote waliokuwa hai.

Na siyo miaka yoyote tu. Mwishoni mwa 1915 Albert Einstein akiwa Berlin na Hilbert akiwa Göttingen walikuwa wanakimbizana kwenye tatizo lile lile: milinganyo ya nadharia ya uhusianifu wa jumla, ile inayoeleza mvutano kama kupinda kwa nafasi na wakati. Frederiks alikuwa pale pale jikoni wakati chakula kinapikwa. Nchini kwao Urusi, ambako vita na baadaye mapinduzi vilikata njia za majarida ya sayansi, karibu hakuna aliyekuwa na habari.

Mzigo aliorudi nao

Alirudi Urusi mwaka 1918. Nchi ilikuwa na njaa na vita vya wenyewe kwa wenyewe. Akatua Petrograd, mji ambao baadaye uliitwa Leningrad na leo ni Saint Petersburg, akaanza kufundisha chuo kikuu. Mwaka 1921 akachapisha kwa Kirusi maelezo ya nadharia mpya ya Einstein, moja ya maandishi ya kwanza kabisa ya aina hiyo nchini mwake.

Pale Petrograd akaelewana na mwanahesabu aitwaye Alexander Friedmann, ambaye kazi yake ya kila siku ilikuwa hali ya hewa. Frederiks ndiye aliyemwingiza kwenye uhusianifu. Friedmann akaichukua milinganyo, akakaa nayo, na mwaka 1922 akaonyesha kitu ambacho Einstein mwenyewe mwanzoni alikikataa: kwamba ulimwengu mzima unaweza kuwa unatanuka. Mwaka 1923 mwenzao mwingine wa Petrograd, Yuri Krutkov, alikutana na Einstein huko Leiden, Uholanzi, akamweleza hesabu hatua kwa hatua mpaka Einstein akakubali kwa maandishi kuwa Friedmann hakukosea.

Frederiks na Friedmann walianza kuandika pamoja kitabu cha juzuu kadhaa kuhusu uhusianifu. Juzuu ya kwanza ilitoka 1924. Septemba 1925 Friedmann akafa kwa homa ya matumbo akiwa na miaka 37. Mradi ukaishia hapo.

Wengi wangeendelea kuzunguka kwenye nyota na ulimwengu. Frederiks akageukia kitu kidogo sana, kisichoonekana bila hadubini.

Kimiminika kinachojifanya fuwele

Mwaka 1888 mtaalamu wa mimea Friedrich Reinitzer, akiwa Prague, alikuwa anachunguza dutu inayotokana na kolesteroli aliyoipata kwenye karoti. Akaipasha moto. Ikayeyuka mara mbili! Kwenye nyuzi joto 145 hivi ikawa uji wenye ukungu, na kwenye nyuzi 178 hivi ule ukungu ukatoweka, ikawa safi kama maji. Hapo katikati ilikuwa nini? Mjerumani Otto Lehmann, aliyekuwa na hadubini yenye kipasha moto, akaonyesha kwamba ule uji unatiririka kama kimiminika chochote, lakini unauchezea mwanga kama fuwele. Ndiyo maana vitu hivi vikaitwa fuwele za kimiminika.

Aina iliyo rahisi kuliko zote inaitwa nematiki. Mfaransa Georges Friedel ndiye aliyeipa jina hilo mwaka 1922, kutoka neno la Kigiriki lenye maana ya uzi, kwa sababu chini ya hadubini unaona nyuzinyuzi.

Fikiria boksi la kiberiti. Ukilitikisa, vijiti vinahama, hakuna kilichogandishwa mahali pake, lakini vyote bado vimelala kuelekea upande mmoja. Nematiki iko hivyo hivyo. Molekuli ni vijiti, zinaelea na kupishana, ila zimekubaliana mwelekeo.

Sasa mimina nematiki kati ya vioo viwili. Vile vijiti vinavyogusa kioo vinakamatwa na uso wa kioo, havigeuki kirahisi. Vya katikati viko huru zaidi, ila vinafuata majirani zao. Ni kama daladala iliyojaa: waliosimama pembeni wameshika chuma, wa katikati hawajashika kitu, lakini wamebanana kiasi kwamba wanasimama wima kwa sababu ya wenzao.

Swali la Frederiks lilikuwa rahisi kulisema. Ukileta nguvu ya nje inayotaka kuvigeuza vijiti upande mwingine, tuseme sumaku, ni nani atashinda? Kioo au sumaku?

Jaribio la lenzi na duara

Akiwa na mwenzake A. Repyova, Frederiks alichukua kioo bapa, akaweka juu yake lenzi iliyobinuka. Katikati, lenzi na kioo vinagusana. Ukienda nje kidogo kidogo, nafasi kati yao inapanuka. Kwa hiyo kwenye kifaa kimoja kidogo unapata unene wa kila aina, kutoka sifuri kwenda juu. Ukitazama ujanja huo unaona huyu alikuwa mtu wa kufikiri kabla ya kutumia hela.

Katikati yao waliweka dutu iliyokuwa maarufu kwa wachunguzi wa enzi hizo, para-azoksianisoli. Tatizo lake ni kwamba huwa nematiki kati ya nyuzi joto 118 na 135 hivi tu. Jaribio lote lilibidi lifanyike kwenye joto linalozidi la maji yanayochemka, huku kifaa kikiwa katikati ya sumaku ya umeme na jicho likiwa kwenye hadubini.

Walipowasha sumaku, pale katikati kwenye unene mdogo hakuna kilichobadilika. Kioo kilishinda. Lakini nje, kwenye unene mkubwa zaidi, vijiti viligeuka. Kati ya sehemu hizo mbili palikuwa na mpaka wa duara unaoonekana wazi. Wakiongeza nguvu ya sumaku, duara linasinyaa kuelekea katikati. Wakipunguza, linapanuka.

Kutoka kwenye duara hilo ndipo wakapata kanuni: nguvu ya sumaku inayohitajika, ukiizidisha kwa unene, unapata namba ile ile. Unene ukipungua nusu, sumaku inatakiwa iwe mara mbili.

Lakini jambo la maana zaidi ni kile kizingiti chenyewe. Vijiti havigeuki kidogo kidogo tangu mwanzo. Chini ya kiwango fulani, hakuna kinachotokea kabisa. Ukikipita, vya katikati vinaanza kupinda. Chukua rula ya plastiki, isimamishe mezani, ibonyeze kwa juu taratibu. Inakaa wima, inakaa wima, halafu ghafla inapinda. Ni jambo la namna hiyo.

Badiliko hili ndilo linaloitwa mpito wa Frederiks.

Katika miaka iliyofuata, yeye na V. Zolina waliendelea kupima kwa namna mbalimbali. Wakati huo palikuwa na mabishano makubwa. Kundi moja la wanasayansi liliamini kuwa ndani ya nematiki kuna makundi makundi ya molekuli yanayotembea kama nyuki. Kundi lingine liliamini kuwa kimiminika chote kinapinda kwa pamoja, kama mpira laini. Kipimo cha kizingiti na unene kiliwapa nguvu hawa wa pili, kwa sababu kama ni makundi huru ya nyuki, kwa nini unene wa kimiminika uwe na maana yoyote? Mwaka 1933, jumuiya ya Faraday ya London ilipoandaa mjadala mkubwa kuhusu fuwele za kimiminika, kazi ya Frederiks na Zolina ilikuwa miongoni mwa zilizochapishwa.

Umeme unaleta maajabu mengine

Sumaku ni nzito na ni ghali. Umeme ni rahisi zaidi. Frederiks na mwanafunzi wake kijana, Viktor Tsvetkov, wakachunguza kinachotokea ukitumia umeme badala ya sumaku.

Hapa kuna jambo zuri sana, na ni hesabu ya darasani tu. Nguvu ya umeme ndani ya kimiminika ni volti ukigawa kwa unene. Sasa kama nguvu mara unene ni namba isiyobadilika, unene unajikata wenyewe kwenye hesabu na zinabaki volti peke yake. Maana yake volti zinazotakiwa kugeuza molekuli hazitegemei kimiminika ni kinene au chembamba. Kwenye vimiminika vya vioo vya leo ni volti moja na kitu. Betri ndogo inatosha. Bila hilo, saa ya mkononi ya LCD isingewezekana, achilia mbali simu.

Ila umeme haukuwa na adabu kama sumaku. Wakati mwingine, badala ya kugeuza vijiti tu kwa utulivu, ulikoroga kimiminika chote kikaanza kuzunguka. Kwa mtu anayetaka kupima mwelekeo wa molekuli, huo ulikuwa usumbufu. Miaka 30 baadaye ndio uliokuja kuwa habari kubwa.

Shemeji wa Shostakovich

Katika miaka hiyo Frederiks alikuwa ameoa. Mke wake, Maria, alikuwa mpiga piano, dada mkubwa wa mtunzi wa muziki Dmitri Shostakovich. Walijaliwa mtoto wa kiume. Kwa hiyo mwanafizikia wetu alikuwa shemeji wa kijana ambaye muziki wake ulikuwa unapigwa Ulaya na Marekani.

Januari 1936 gazeti la chama, Pravda, lilimshambulia Shostakovich vikali kwa sababu ya opera yake iliyomuudhi Stalin. Katika nchi ile, gazeti lile likikugusa, marafiki wanaanza kuvuka barabara wakikuona.

Mwaka huo huo, Leningrad, polisi wa siri NKVD walianza kukusanya wanasayansi. Kesi hiyo baadaye ilijulikana kwa jina la Pulkovo, kwa sababu kituo cha kuchunguza nyota cha Pulkovo, nje kidogo ya mji, ndicho kilichoumizwa zaidi. Tuhuma zilikuwa kwamba wasomi hawa walikuwa na mtandao wa siri wa kigaidi wa kifashisti. Kosa la wengi wao, ukitazama kwa macho ya leo, lilikuwa kuandikiana barua na wenzao wa nje na kuchapisha kwenye majarida ya Kijerumani. Frederiks alikuwa na kila alama mbaya: jina la kigeni, ukoo wa kibaroni, miaka minane Ujerumani, na ile makala ya 1927 yenyewe ilitoka kwenye jarida la Berlin.

Walimkamata Oktoba 1936. Mei 1937 alihukumiwa miaka 10.

Krutkov, yule aliyemshawishi Einstein, naye akabebwa kwenye wimbi hilo hilo. Mkurugenzi wa Pulkovo, Boris Gerasimovich, alipigwa risasi Novemba 1937. Matvei Bronstein, kijana hodari wa fizikia ya nadharia pale pale Leningrad, alipigwa risasi Februari 1938 akiwa na miaka 31.

Mikono ikafika nyumbani pia. Maria alifukuzwa Leningrad, akapelekwa Asia ya Kati. Mama mkwe wa Shostakovich alipelekwa kambini. Novemba 1937 simfoni ya tano ya Shostakovich ilipigwa kwa mara ya kwanza Leningrad, watu wakasimama wakapiga makofi muda mrefu. Wakati huo shemeji yake alikuwa kifungoni na dada yake uhamishoni.

Frederiks hakuimaliza ile miaka 10. Alifariki tarehe 6 Januari 1944 katika mji wa Gorky, ambao leo unaitwa tena Nizhny Novgorod. Alikuwa na miaka 58. Krutkov alibahatika zaidi, alirudi Leningrad baada ya vita. Jina la Frederiks lilikuja kusafishwa miaka ya 1950, baada ya Stalin kufa, kama ilivyokuwa kwa maelfu wengine: karatasi inayosema mashtaka hayakuwa na msingi.

Mistari ya Williams

Mwaka 1962 mkemia Richard Williams, kwenye maabara za kampuni ya RCA huko Princeton, Marekani, alichukua dutu ile ile ya zamani, para-azoksianisoli, akaiweka moto kati ya vioo viwili vilivyopakwa tabaka jembamba linalopitisha umeme. Akaweka volti chache. Chini ya hadubini ikajitokeza mistari iliyonyooka, sambamba, imepangwa kama matuta ya shamba la viazi. Akizima umeme, mistari inapotea. Akiwasha, inarudi.

Nani aliipanga? Hakuna aliyeipanga. Ilijipanga yenyewe.

Maelezo kamili yalikuja 1969, kutoka kwa Edward Carr na Wolfgang Helfrich, kila mmoja kwa sehemu yake. Ndani ya nematiki daima kuna ayoni chache, chembe zenye chaji. Ayoni hizo husafiri kirahisi zaidi kufuata urefu wa vijiti kuliko kukatiza. Sasa vijiti vikiyumba kidogo mahali fulani, hata kwa bahati tu, chaji zinakusanyika pale penye mpindo. Umeme unazisukuma chaji hizo, nazo zinakokota kimiminika. Kimiminika kikitembea, kinavipindisha vijiti zaidi. Mpindo ukizidi, chaji zinazidi. Ni mduara unaojilisha wenyewe. Chini ya kizingiti, ugumu wa nematiki na msuguano vinauzima. Juu ya kizingiti unawaka, na kimiminika kinaanza kuzunguka katika mirija iliyolala bega kwa bega, mmoja ukizunguka kulia na jirani yake kushoto. Upana wa kila mrija unakaribiana na unene wa kimiminika chenyewe. Ile mistari ya hadubini ni mwanga unaokusanywa na kutawanywa na mirija hiyo.

Ukiongeza volti, mistari inaanza kujipinda na kukatika. Ongeza tena, mpangilio wote unavunjika, kinabaki kimiminika kinachochemka bila kuchemka, cheupe kama tui la nazi. George Heilmeier, pia wa RCA, aliona biashara hapo. Penye umeme panakuwa peupe, pasipo na umeme panabaki pa wazi, kwa hiyo unaweza kuandika namba. Mwaka 1968 RCA ilionyesha hadharani vioo vya kwanza vya namna hiyo. Kumbe LCD ya kwanza ilizaliwa kutokana na ule ule mkorogo uliowasumbua watu wa Leningrad.

Haukudumu. Mkorogo unahitaji mkondo wa umeme, na mkondo unamaliza betri na kuharibu kimiminika. Desemba 1970 Helfrich, akiwa amehamia Basel, Uswisi, pamoja na Martin Schadt, waliomba hataza ya njia nyingine: nematiki iliyosokotwa robo zamu kati ya vioo viwili, na umeme unaoisokotoa kwa kuvigeuza vijiti visimame. Hakuna mkorogo. Ni mpito wa Frederiks mtupu. Mwaka 1973 George Gray wa Hull, Uingereza, akatangaza dutu zinazobaki nematiki kwenye joto la kawaida la chumbani, mambo ya kupasha moto yakaisha, na vikokotoo na saa zikafurika sokoni.

Kizingiti kile kilikuwa na faida moja ambayo mtu wa kawaida haioni. Kwenye kioo chenye nukta nyingi huwezi kuvuta waya kwenda kila nukta. Unavuta waya za mistari na waya za safu, na nukta inawaka pale mbili zinapokutana na volti zake kujumlishwa. Nukta nyingine zote kwenye mstari huo zinapata nusu tu. Kama molekuli zingegeuka kidogo kwa kila volti ndogo, picha yote ingekuwa ukungu. Kwa sababu zina kizingiti, nusu haizigusi. Simu za leo zimeongeza transista ndogo kwenye kila nukta, lakini vile vijiti ni vile vile. Kama kioo cha simu yako ni IPS, vinageuka vikiwa vimelala. Kama ni AMOLED, basi huna nematiki, hiyo inawaka yenyewe.

Na mistari ya Williams? Haikufa. Wanafizikia wanaochunguza jinsi maumbile yanavyojichorea mapambo, mawingu ya mistari, matuta ya mchanga jangwani, wameipenda kwa sababu inatosha kwenye kipande cha kioo na inajibu ndani ya sekunde. Chuo Kikuu cha Bayreuth, Ujerumani, kiliifanyia kazi miaka mingi. Mwaka 2007 Kazumasa Takeuchi na wenzake wa Chuo Kikuu cha Tokyo walitumia nematiki iliyovurugwa kwa umeme kuonyesha kwa vipimo sheria za namna mvurugo unavyosambaa au kufa, jambo lililokuwa kwenye karatasi za hesabu kwa miongo kadhaa likisubiri jaribio la kuaminika.

Walioendelea bila yeye

Tsvetkov alibaki Leningrad. Mwaka 1942, mwalimu wake akiwa bado kifungoni, alichapisha kipimo kinachoeleza kwa namba moja molekuli za nematiki zimekubaliana mwelekeo kwa kiasi gani: sifuri maana yake kila moja na lake, moja maana yake zote sawasawa. Kipimo hicho kinatumika hadi leo. Tsvetkov aliishi hadi 1999, muda wa kutosha kuona nematiki imeingia kwenye kompyuta za kubeba na simu za kwanza za mkononi.

Maria aliruhusiwa baadaye kurudi Leningrad. Alifariki 1973, mwaka ule ule Gray alipotangaza dutu zake.

Ukitaka kumsoma zaidi mtandaoni, jina lake litakusumbua kidogo. Alipochapisha nje ya Urusi aliliandika kwa namna ya Kifaransa, Fréedericksz, na vitabu vingi vya vioo vya LCD vimeliacha hivyo hivyo. Ukitafuta Frederiks utampata kwenye habari za Friedmann na Shostakovich. Ukitafuta Fréedericksz utampata kwenye volti na kizingiti. Ni mtu mmoja.